Kipupwe cha Juni hadi Agosti: jinsi ya kusoma mwelekeo wa baridi na upepo na kuufanyia kazi

Kila mwaka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani hali ya baridi na upepo kwa Juni, Julai na Agosti. Redio huusoma kwa dakika mbili, watu wanaambizana "mwaka huu baridi kali" au "mwaka huu afadhali", basi. Mimi nimekulia Njombe, mama akilima viazi kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, na dada yangu ameolewa Bagamoyo kwa mvuvi. Huku na huko nimeona watu wakipata hasara ambayo taarifa ilikwisha kuitaja. Walikuwa wameisikia. Hakuna aliyeishusha kutoka kwenye ramani ya nchi hadi kwenye bonde lake, chumba chake au chombo chake. Kazi hiyo ndiyo nataka tuifanye hapa, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Chukua taarifa yenyewe

Usitegemee ujumbe uliotumiwa kwenye kundi la familia. Tafuta chapisho la TMA kwenye tovuti yao au kurasa zao za mitandao ya kijamii. Limeandikwa kwa Kiswahili, na nchi imegawanywa kwa kanda: Ziwa Victoria, pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, pwani ya kusini, nyanda za juu kaskazini mashariki, nyanda za juu kusini magharibi, kanda ya kati, ya magharibi na ya kusini. Soma kanda yako, halafu nenda mwishoni kwenye ushauri wa kisekta: kilimo, mifugo, uvuvi, afya, usafirishaji. Wengi huuruka ukurasa huo, nao ndio unaokuambia la kufanya.

Kuna ujumbe mmoja unaozunguka kwenye simu karibu kila mwaka wakati huu, ukidai kwamba dunia inahama mbali na jua, kutoka kilomita milioni 90 hadi milioni 152, na hivyo tutapata baridi isiyo na mfano na maradhi mengi mpaka Agosti. Ufute. Dunia haijawahi kuwa kilomita milioni 90 kutoka kwenye jua. Mapema Januari, inapolikaribia zaidi, umbali ni kama kilomita milioni 147, na mapema Julai ni kama milioni 152. Tofauti hiyo ni ndogo, hutokea kila mwaka, na siyo inayoleta kipupwe.

Baridi yetu ina chanzo kingine, na ukikijua utaielewa taarifa vizuri zaidi. Mwezi Juni jua la utosi liko kaskazini, kwenye Tropiki ya Kansa, na nusu ya kusini ya dunia imo kwenye majira yake ya baridi. Kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene ambako ndiko iliko Mauritius, mgandamizo mkubwa wa hewa huimarika na kusukuma hewa ya baridi kuja kwetu kutoka kusini mashariki. Hiyo ndiyo kusi. Ikifika pwani huchafua bahari. Ikipanda milima huzidi kupoa, na upande wa mashariki wa nyanda za juu, kama Lupembe mkoani Njombe, huacha ukungu na manyunyu siku nzima. Ukisoma kwamba mgandamizo wa Mascarene unatarajiwa kuwa imara zaidi ya kawaida, jua kwamba kusi itasukumwa kwa nguvu.

Hatua ya 2: Soma maneno kama walivyoyakusudia

Neno linalopotosha zaidi ni "wastani". Wataalamu huchukua rekodi za miaka 30, siku hizi kuanzia 1991 hadi 2020, na kuzigawa mafungu matatu: ya baridi zaidi, ya katikati na ya joto zaidi. Katikati ndiyo wastani. Kwa hiyo "joto la chini linatarajiwa kuwa chini ya wastani" maana yake ni usiku wenye baridi kuliko kawaida ya mahali hapo. Nimewahi kumsikia mtu akilielewa kinyume kabisa, akidhani baridi yenyewe ndiyo itakuwa chini.

Angalia pia ni joto lipi linalozungumzwa. "Joto la chini" hupimwa alfajiri na "joto la juu" alasiri. Mkulima wa viazi na mzazi wa mtoto mchanga watazame la kwanza.

Jambo la tatu ndilo lililotuumiza sisi nyumbani. "Wastani hadi juu ya wastani" haina maana kwamba hakutakuwa na usiku wa barafu. Mwelekeo wa msimu unajumlisha miezi mitatu. Ndani ya siku hizo tisini na mbili, usiku mmoja unatosha kuunguza shamba zima, na msimu ukabaki ni wa joto kidogo kwenye rekodi. Ndiyo maana taarifa ya msimu inatumika mara inapotoka, kwa maandalizi: nipande wapi, ninunue nini, nitengeneze nini. Uamuzi wa leo au kesho unatokana na utabiri wa saa 24 na utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, ambao nao hutolewa na TMA.

Huo wa siku tano una rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Pembeni huandikwa uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake. Visome vyote viwili. Jambo lenye uwezekano mdogo lakini lenye athari kubwa linastahili maandalizi, hasa kama wewe unalala bondeni au unasafiri kwa chombo kidogo.

Hatua ya 3: Ishushe taarifa hadi unapokaa

Taarifa itasema Njombe, Iringa, Mbeya, Songwe. Mkoa wa Njombe una Makete na uwanda wa Kitulo juu kabisa, na una Ludewa inayoteremka hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Huwezi kutumia nambari moja kote huko. Kuna mambo matatu ya kuangalia mahali pako.

La kwanza ni mwinuko. Kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyoshuka, karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000.

La pili ni umbo la ardhi, na hapa nitakaa kidogo. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Hewa inayoigusa hupoa, huwa nzito, na hutiririka kufuata mteremko kama maji, polepole, mpaka inapotuama. Inatuama bondeni. Na bondeni ndiko viliko vinyungu, zile bustani za kiangazi tunazolima kwa sababu udongo unabaki na unyevu. Yaani sehemu yenye maji wakati wa kiangazi ndiyo sehemu ya barafu. Mwaka ule mama alipopoteza viazi vyote vya kinyungu, jirani yetu aliyepanda mita kama themanini juu, ubavuni mwa kilima, hakupoteza hata mche mmoja. Mbegu ilikuwa moja, mbolea moja, na wiki ya kupanda moja. Watu walisema jirani ana kinga. Alikuwa na mteremko.

Kama kuna ua mnene, ukuta au msitu uliokatiza mteremko chini ya shamba lako, hewa ya baridi itazuiwa hapo na shamba litageuka bwawa lake. Kata mlango kwenye ua huo, upande wa chini, hewa ipite.

La tatu ni kipimajoto. Vituo vya hali ya hewa hupima ndani ya kisanduku chenye kivuli, kimo cha kifua hivi. Usiku mweupe, majani yaliyo karibu na ardhi yanaweza kuwa na baridi zaidi ya hapo kwa nyuzi 3, 4, hata zaidi. Utabiri ukisema nyuzi joto 4 alfajiri na wewe uko bondeni, jiandae kama vile umesikia sifuri. Nunua kipimajoto cha kawaida, kifunge kwenye kijiti kimo cha mmea, mahali jua la asubuhi halikifikii mapema, ukisome kabla ya mapambazuko kwa wiki mbili. Utajua shamba lako linatofautiana na utabiri kwa nyuzi ngapi, na tofauti hiyo haibadiliki sana.

Dalili za usiku wa sakitu, ule umande ulioganda ukawa mweupe juu ya majani, utaziona jioni ile ile: anga halina wingu, upepo uliokuwa ukivuma mchana umekufa magharibi ilipoingia, nyota zinaonekana kwa ukali, na hewa ni kavu. Usiku wa upepo unauma zaidi mwilini lakini kwa mmea una nafuu, maana upepo huchanganya hewa na kuizuia isituame.

Hatua ya 4: Shambani

Kabla ya msimu, amua kipi kikae bondeni. Kabichi na kitunguu huvumilia baridi kuliko viazi, maharage au nyanya. Kama ni lazima upande viazi kwenye kinyungu, gawanya tarehe za kupanda ili usiku mmoja usikute shamba zima likiwa katika umri ule ule.

Ukipata tahadhari ya baridi kali, au ukiziona dalili nilizotaja, fanya haya siku hiyo hiyo. Mwagilia asubuhi au mchana, siyo jioni. Udongo wenye unyevu hupokea joto la jua na kulirudisha usiku polepole, kuliko udongo mkavu uliotifuliwa. Palilia magugu. Kama umetandaza nyasi nene kati ya mistari, zisogeze pembeni kwa siku hizo, kwa sababu zinazuia joto la udongo lisiyafikie majani. Najua tumefundishwa kwamba matandazo ni mazuri, na ni kweli kwa kutunza unyevu. Usiku wa sakitu mambo hubadilika.

Vitalu na miche ya parachichi uifunike kabla jua halijazama. Tumia nyasi juu ya vichanja, magunia au shashi, na kifuniko kiteremke mpaka chini pande zote, ili joto la ardhi libaki humo ndani. Mche wa parachichi uliofungwa kichwani kama kilemba huku miguu iko wazi haujafunikwa. Asubuhi, jua likishashika, funua.

Kuhusu moshi: wengi wetu huwasha nyasi mbichi pembeni mwa shamba tukiamini moshi utazuia barafu. Moshi wenyewe haurudishi joto, na mioto ile midogo husaidia kidogo sana. Hatari yake ni kubwa kuliko faida. Julai nyasi zimekauka, kusi inavuma, na moto kichaa unaanza hivyo hivyo. Mashamba ya miti ya Njombe na Mufindi yameungua mara nyingi kwa moto ulioanza na mtu mmoja anayesafisha shamba. Fyeka njia za moto mwezi Mei, nyasi zikiwa bado na ubichi, na usichome chochote siku ya upepo.

Sakitu ikishapita, usikimbilie kung'oa. Viazi vilivyoungua majani huchipua upya kutoka chini kama shina na mizizi ni mizima. Subiri wiki moja mpaka siku kumi, ndipo uhesabu hasara. Kwenye miti, usikate matawi yaliyoungua mpaka uone chipukizi zinaanzia wapi.

Hatua ya 5: Ndani ya nyumba

Hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi ya pengine popote. Usilale na jiko la mkaa chumbani. Hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi, hata kama umebaki majivu yenye makaa machache, unatoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamki kwa kukosa pumzi; anazidi kulala. Kila kipupwe tunazika watu kwa sababu hii, mara nyingi familia nzima katika chumba kimoja kipya, kilichosakafiwa vizuri na madirisha ya vioo. Nyumba za zamani za udongo zilikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa, hewa ikipita. Za sasa zimezibwa.

Jiko likae nje au kwenye chumba cha kupikia chenye uwazi. Kama unataka kupasha chumba joto, liingize jioni mkiwa macho wote, mlango na dirisha vikiwa wazi kiasi, na litoke kabla mtu yeyote hajalala. Kichwa kikianza kuuma watu wawili au watatu kwa pamoja, na kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote mara moja. Msianze kujadiliana kama ni malaria.

Joto la usiku lipatikane kwa njia nyingine. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hiyo weka maboksi yaliyokunjuliwa au mkeka mnene chini ya godoro kabla ya kuongeza blanketi juu. Nguo mbili nyepesi zinashinda sweta moja zito. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuvingirishwa kitambaa yanatosha kitanda cha mtoto au bibi mpaka usiku wa manane. Kofia kwa watoto wachanga na wazee, hata kitandani.

Mtoto akikohoa, usihesabu siku, hesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni dalili ya nimonia. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Kwa wa Dodoma na Singida, shida ya kipupwe ni vumbi kuliko barafu. Funika maji na vyakula, nawa uso mara kwa mara, na taulo la uso lisichangiwe, kwani macho mekundu huenea kwa mikono na nguo. Upepo ukianza, kagua mabati: kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya paa huwa mara nne, na bati huanza kung'oka kwenye ncha, penye msumari mmoja uliolegea.

Hatua ya 6: Mifugo

Vifaranga ndio wa kwanza kufa. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana sehemu moja wanaona baridi. Wakikimbia taa, joto limezidi. Kuku wa kienyeji wachanjwe kideri kabla ya upepo kuanza: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi 3. Banda lizibwe upande wa kusini mashariki ambako kusi inatokea, na upande wa pili uachwe na uwazi juu. Ndama alale pakavu; mkojo na baridi pamoja ndivyo vinavyoleta homa ya mapafu.

Hatua ya 7: Baharini na ziwani

Shemeji yangu huanza kipupwe chake Mei, kwa kuvuta chombo ufukweni, kukalafati (kuziba nyufa za mbao) na kushona nyavu. Anasema siku za kusi kali hazina kipato, hivyo bora ziwe siku za matengenezo zilizopangwa. Hesabu zake ndizo ninazowashauri wavuvi wengine: katika Juni hadi Agosti, kadiria siku chache za kuvua kila wiki kuliko miezi ya kaskazi, na weka akiba ya chakula kutoka kwenye uvuvi wa Machi na Aprili.

Nambari ya kukumbuka ni hii: TMA inapotaja upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ngalawa, mtumbwi na boti ndogo zibaki bandarini. Mita 2 ni urefu wa mtu aliyesimama na kunyoosha mkono kidogo, na hayo ni makadirio ya jumla. Katikati yake hutokea mawimbi makubwa zaidi. Tazama na kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mkondo wa maji huwa na nguvu, na ukikutana uso kwa uso na upepo, mawimbi husimama mafupi na makali, hasa kwenye mikondo na milango ya miamba. Upepo ule ule siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo, unaweza kuvumilika.

Ondoka alfajiri kabla kusi haijapata nguvu za mchana, lakini panga na kurudi. Wengi hunaswa wakati wa kurudi. Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Jaketi la kuokolea livaliwe. Likiwa limekaliwa kama mto halimsaidii mtu chombo kikipinduka.

Kwa abiria wa Dar es Salaam na Zanzibar: tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikiwa safarini kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakafa. Safari ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, usimshinikize nahodha wala wakala wa tiketi. Ukisafiri kwa mazishi, harusi au hospitali katika miezi hii, panga kuwahi siku moja, na weka nauli ya kulala.

Wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika wako kwenye upepo huo huo wa kusini. Kyela na Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, hupata mawimbi yanayokuja kutoka mbali kusini mwa ziwa, kwa hiyo ufuko unaweza kuchafuka hata pale ulipo pakiwa na upepo kidogo.

Hatua ya 8: Andika

Chukua daftari la mistari. Kila siku kuanzia tarehe 1 Juni andika joto la alfajiri, mawingu au anga jeupe, upepo ulitoka wapi na ulikufa saa ngapi, na kama kulikuwa na sakitu, iliishia kwenye mstari gani wa shamba. Mvuvi aandike hali ya bahari, siku ya mwezi, na kilichotabiriwa. Septemba, weka daftari kando ya mwelekeo wa TMA uliosoma msimu ulipoanza. Daftari la mama lina misimu kumi na moja sasa. Mstari wa barafu kwenye kinyungu chetu unapita kwenye mti wa mwisho wa matunda damu, na chini ya hapo hatupandi viazi tena.